Naomba ushauri: zawadi ya umma iliyoishia sebuleni kwa waziri

Assalamu alaykum, waungwana. Mimi ni katibu wa kikundi cha maseremala hapa Lamu. Mwaka jana, katika hafla ya serikali pale Mkunguni, mbele ya Ngome, tulimkabidhi waziri mmoja kiti cha enzi chenye nakshi za mfupa, kazi ya miezi minne ya mzee wetu. Juzi tumekiona pichani kikiwa sebuleni mwa nyumba yake binafsi, na ule ufa wa mkono wa kushoto, nilioujaza gundi mwenyewe, haunipotei.

Ninavyoisoma Ibara ya 76 ya Katiba ya 2010, zawadi anayopewa ofisa wa Serikali katika hafla ya umma ni zawadi kwa Jamhuri na hukabidhiwa Serikali, isipokuwa sheria ya Bunge iwe imeruhusu vinginevyo. Njia ya Ibara ya 152, ambapo robo ya wabunge huunga mkono hoja ya kumtaka Rais amfute waziri, naiona ni kubwa mno kwa kiti kimoja (ingawa kiti chenyewe si kidogo!).

Je, tuanze kwa kuiandikia wizara yake kuuliza kama kiliandikishwa, au twende moja kwa moja kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi? Picha peke yake yatosha kuwa ushahidi? Mzee naye ahofia kukosa zabuni za serikali iwapo jina lake litatajwa. Aliyewahi kuwasilisha malalamiko ya namna hii anieleze alivyolindwa.