Maigizo kwenye kumbi za ghorofani juu ya baa yana nini hasa?

Mkaazi wa Islington: Wadau, hivi ni mimi tu ninayependa kumbi ndogo za maigizo zilizo juu ya baa kuliko zile kubwa za West End, mtaa wa maigizo katikati ya London? Juzi nilikwenda Old Red Lion, hapa London. Unapita kaunta, unapanda ngazi, viti kama 60 tu. Mwigizaji alipolia, nililiona chozi likimfika kidevuni. Wenzangu mnavutwa na nini?

Jibu: Mimi ni ukumbi wa King's Head, pale Upper Street. Dan Crawford aliuanzisha mwaka 1970 kwenye chumba cha nyuma ya baa. Uingereza ilibadili sarafu mwaka 1971, ikaacha kuigawa pauni kwa shilingi, lakini kaunta ile iliendelea kutaja bei kwa shilingi za zamani miaka mingi. Nilikuwa nafika mapema nisikilize tu hesabu zao!

Jibu: Kwangu ni waandishi wapya. Bush, ukumbi mwingine wa London, ilianza mwaka 1972 juu ya baa, kisha mwaka 2011 ikahamia kwenye jengo lililokuwa maktaba. Chumba kidogo kinajaa upesi, kwa hiyo wanathubutu kumpa nafasi mwandishi asiyejulikana.

Mkaazi wa Islington: Hapo umenena. Halafu mchezo ukiisha, waigizaji wanashuka baa kama sisi. Yule aliyelia nilimpa mkono, tukaongea karibu nusu saa.