Naomba ushauri: kaya 38 za kijiji kimoja niziandikeje?

Mtafiti wa Mwambao (Ijumaa, 19 Septemba 2025)
Wana jukwaa, habari za jioni. Mimi ni mtafiti wa afya ya jamii hapa Kigoma, na ninasimamia timu ya wadadisi wanne katika utafiti wa matumizi ya vyandarua na maambukizi ya malaria kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tumepita vijiji 16, jumla ya kaya 612, na kazi imekwenda vizuri isipokuwa katika kijiji kimoja cha mwambao kinachofikiwa kwa boti kutoka Kibirizi. Huko tulipangiwa tarehe 8 hadi 10 mwezi huu, lakini wanaume walikuwa ziwani wakivua dagaa, na akina mama walisita kuruhusu watoto watobolewe vidole wakati baba zao hawapo.

Swali langu ni la kiufundi tu. Je, ni sahihi kaya hizo 38 kuziandika kuwa zilikataa kuhojiwa, au niombe siku za nyongeza? Natakiwa kukabidhi takwimu Jumatatu, na tangu juzi sijapata usingizi. Naomba wajibu wenye uzoefu, bila kejeli.

Bwana Afya Mstaafu
Mwanangu, pole sana. Miaka ya themanini nilikuwa bwana afya huko Urambo, na watu walikuwa wakitukimbia kwa sababu waliamini tumekuja kukagua vyoo ili watozwe faini. Siku moja nilifika kwa mkulima mmoja wa tumbaku saa mbili asubuhi, nikamkuta anafunga majani. Nikakaa chini nikafunga naye hadi saa tisa alasiri bila kutaja kilichonipeleka. Jua lilipoanza kupoa akaniuliza, "Hivi wewe ulikuja kufanya nini?" Kesho yake kitongoji kizima kilinifungulia milango. Ninyi wa siku hizi mnashuka kwenye boti na vishikwambi mikononi na mnataka mtu akupe mtoto wake umtoboe kidole kabla hujamaliza salamu. Omba siku za nyongeza, urudi, ukae.

Mgebuka wa Kukaanga
Mimi sina utaalamu wowote, lakini kijiji ambacho kaya 38 zimekataa kwa pamoja bila hata moja kupingana na nyingine ningeomba kuhamia. Nyumbani kwangu tupo watu watano na hatujawahi kuafikiana kama migebuka ipikwe kwa mawese au kwa nazi.

Takwimu za Uyui
Pamoja na utani wake, Mgebuka amegusa penyewe. Mtoa mada, kaya iliyokataa huacha alama yake: mdadisi hujaza ukurasa wa kwanza, huandika idadi ya mara alizofika na sababu ya kukataliwa, kisha hufunga fomu. Kishikwambi nacho huhifadhi saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali fomu ilipojaziwa. Kwa hiyo kabla sijakujibu, naomba utuambie kishikwambi kinaonyesha nini katika kaya hizo 38.

Mtafiti wa Mwambao
Ahsante, kaka. Kwa kweli nilitaka kulifupisha jambo hili. Fomu zote 38 zimejazwa mpaka mwisho, na majibu ya vipimo vya watoto 51 yamo. Tatizo ni kwamba kila fomu imechukua dakika sita au saba, ilhali kaya yenye mtoto wa kupimwa hutuchukua zaidi ya nusu saa, kwa kuwa kipimo chenyewe hakisomwi kabla ya dakika 15. Tena zote zinaonyesha mahali pamoja, umbali wa hatua chache kutoka gatini.

Ndiyo maana naona njia ya heshima ni kuziondoa kimyakimya. Kuziandika kuwa zilikataa hakumdhuru mtu yeyote, na kaya 38 kati ya 612 ni kama asilimia 6 tu, kiasi ambacho hakiwezi kuyumbisha wastani. Naomba tusilikuze.

Muuguzi wa Zahanati
Dada au kaka, sijui nikuiteje, mimi nauliza kuhusu watoto. Majibu ya hao 51 ni yapi?

Mtafiti wa Mwambao
Wote hawana malaria.

Muuguzi wa Zahanati
Katika utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, mkoa wetu wa Kigoma ulionekana kuwa na karibu mtoto mmoja kati ya wanne mwenye vimelea, na katika utafiti wa mwaka 2022 jirani zetu wa Tabora walikuwa na asilimia 23 ya watoto wenye vimelea. Leo unatuambia kwamba kijiji cha mwambao kina watoto 51 na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Fungua mfuko wa taka za vipimo uangalie kidirisha cha kudondoshea damu katika kila kipande, kwa maana kipimo kilichotumika kweli hubaki na doa jekundu. Kikidondoshewa ile dawa ya chupa peke yake, mstari wa kuthibitisha unaweza kujitokeza, na aliyekishika akaandika kwamba mtoto hana malaria. Kisha hesabu visindano vilivyomo ndani ya kisanduku cha taka zenye ncha kali.

Nakukumbusha pia kwamba katika utafiti wa aina hii mtoto anayekutwa na vimelea hupewa dawa mseto siku hiyo hiyo, au hupewa rufaa ikiwa ana dalili za hatari. Wewe unaiita asilimia 6. Mimi nawaona watoto ambao pengine wana homa usiku huu, na katika karatasi zenu ni wazima.

Takwimu za Uyui
Niongeze mawili. Kwanza, kaya hizo hazikuchaguliwa hapa na pale. Zote zimetoka katika kijiji kimoja, na watu wa kijiji kimoja hulala, huvua na huumwa na mbu kwa namna inayofanana, kwa hiyo unachokiondoa ni eneo zima la sampuli. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, ukiandika kwamba walikataa unawasingizia. Mtafiti atakayekuja mwakani atasoma kwamba kijiji hicho ni kikaidi, naye atakiruka. Watu hao hawakumkatalia mtu, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Sasa tuambie ni nani aliyejaza fomu hizo, na kwa nini unamkingia kifua.

Mtafiti wa Mwambao
Ni wifi yangu. Alimaliza chuo miaka miwili iliyopita na hakuwa na kazi, mume wangu akaniomba nimpe nafasi, naye alifaulu usaili kama wengine. Katika vijiji vingine fomu zake ni nzuri mno. Ninyi mnazungumza kama watu wasio na familia. Nikimtaja kwa mtafiti mkuu, atafukuzwa na jina lake litaharibika katika kila utafiti utakaofika mkoa huu, nami nitakaa vipi na mama mkwe ambaye tunaishi naye nyumba moja?

Hoja Nzito
Mzizi wa tatizo umeonekana. Kazi za umma zikigeuzwa kuwa mafungu ya kugawiana ukoo kwa ukoo, matokeo huwa hayo. Kijana wangu alifanya usaili wa namna hiyo mara tatu na akakosa, na leo naelewa sababu yake.

Mke wa Mwalimu
Ndugu Hoja Nzito, hayo ni rahisi kuyasema ukiwa mwanamume. Mimi niliwahi kumkatalia wifi yangu nafasi ya kuuza katika duka langu pale Mwanga, na kwa miaka minne sikualikwa kwenye shughuli yoyote ya ukweni. Hata msiba nilikuwa nikisikia kwa majirani. Nilipokuja kumwajiri akaniibia, waliosema ni wale wale walionisusa. Mtoa mada, sikuambii ufanye nini, ila ukimficha leo usidhani atakushukuru.

Mzee wa Kibirizi
Nimesoma kuanzia juu hadi hapa, na kuna jambo ambalo ninyi wasomi mmelipita. Mama huyu ameandika kwamba tarehe 8 hadi 10 wanaume walikuwa ziwani wakivua dagaa. Nimevua kwa miaka 27, tangu enzi za karabai hadi hizi taa za betri, na nawaambia kwamba dagaa hufuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi; watu huvuta mitumbwi nchi kavu, hushona nyavu na hunywa kahawa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 ulikuwa wa mwezi mpevu, tena ndio ule usiku mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu, na ufuo wote ulikuwa umejaa watu wanaoutazama. Wapo wachache wa ndoano wanaotoka hata mwezi ukiwaka, lakini si wanaume wa kijiji kizima.

Kwa hiyo hii ni chai. Mtu ameketi mahali, pengine hajawahi hata kuliona Ziwa Tanganyika, akatunga habari ya wavuvi na wifi.

Mgebuka wa Kukaanga
Nilihisi tangu mwanzo. Wifi, mama mkwe, watoto 51, na kila tukimbana anaongeza sehemu ya pili. Msimulizi atuambie sehemu inayofuata itatoka lini ili ninunue bando.

Hoja Nzito
Naomba wasimamizi wafunge uzi huu. Tumepotezewa muda.

Takwimu za Uyui
Subirini kidogo. Mtu anayetunga hakumbuki kwamba kipimo husomwa baada ya dakika 15, wala hahangaiki na hatua kutoka gatini. Maelezo ya Mzee ni ya kweli, lakini yanaweza kuwa na maana nyingine. Katika dodoso la vyandarua huulizwa ni nani aliyelala nyumbani usiku wa kuamkia leo na kama alilala ndani ya chandarua. Mtoa mada, hebu fungua fomu za tarehe 8 utuambie zinasema wanaume walilala wapi. Halafu utujibu swali moja: hiyo habari ya wanaume kuwa ziwani uliiona kwa macho yako au uliambiwa?

Mtafiti wa Mwambao (Jumamosi, 20 Septemba)
Nimekaa na fomu usiku kucha. Za tarehe 8 zote zinasema kwamba baba wa kaya alilala ziwani. Mzee, shikamoo, na naomba radhi. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, sikulijua hilo la mwezi, na inaonekana wifi yangu naye hakulijua.

Niliambiwa. Sikuwapo kijijini. Siku hizo tatu nilikuwa Kasulu kwenye mafunzo ya mradi mwingine ambao ulinilipa posho, na posho ya kijijini nayo nilikuwa nimekwisha kuisainia. Nilimwachia wifi yangu timu, naye akawapa wenzake ruhusa ya kurudi mjini. Sahihi iliyo chini ya kila fomu kwamba msimamizi amehakiki ni yangu. Jana kabla sijaandika hapa nilikuwa nimekwisha kumtumia mtafiti mkuu barua pepe kwamba kijiji kilikataa.

Hoja Nzito
Kumbe wifi alikuwa mwanafunzi tu, mwalimu ndiye wewe.

Mke wa Mwalimu
Na sisi tulikuwa tunamsulubu binti wa watu.

Bwana Afya Mstaafu
Mwanangu, ofisi ya mtendaji wa kijiji ina kitabu cha wageni. Kila mtafiti anayeingia husaini humo, na siku tatu zile sahihi yako haimo. Hata kama hapa tusingekubana, kitabu hicho kingekubana siku yoyote. Andika barua ya pili leo, iifute ile ya kwanza, uyataje yote, mpaka posho. Mtafiti mkuu ndiye atakayeiarifu kamati ya maadili iliyotoa kibali. Usimnyime nafasi hiyo kwa kuchelewa.

Muuguzi wa Zahanati
Omba pia vipimo 51 vipya na dawa mseto za kutosha kwa kila uzito, urudi kijijini na mdadisi mwingine. Akina mama waambie ukweli kwamba majina ya watoto wao yaliandikwa bila wao kujua, kisha uombe ridhaa upya. Wakikataa safari hii, hapo utakuwa na haki ya kuandika kwamba wamekataa.

Mzee wa Kibirizi
Marahaba, binti. Nafuta neno langu la chai. Sasa hivi ni giza, kesho mwezi unakufa, kwa hiyo safari hii wanaume watakuwa ziwani kwelikweli. Hurudi alfajiri na hulala mchana, na asubuhi wake zao huwa ufukweni wakianika dagaa, hawatakusikiliza. Panda boti ya mapema, upumzike, uanze kugonga milango baada ya saa tisa alasiri ambapo baba ameamka na mama ametoka ufukweni.

Mtafiti wa Mwambao
Nawashukuru. Barua nimeiandika, bado sijaituma, ninaisoma kwa mara ya tano. Posho ya siku tatu nitairudisha. Ila bado hamjanijibu moja: mume wangu nimwambie kabla ya kutuma au baada ya kutuma?

Takwimu za Uyui
Tuma kwanza. La mume lifungulie uzi mwingine.