Binti yangu wa miaka 15 amezama kwenye harakati za mazingira, nimsaidieje bila kumzima?

mama_wa_mabinti:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo yenu hasa wazazi na walimu, na kama kuna vijana humu wachangie pia maana hili linawahusu wao kuliko sisi.

Binti yangu ana miaka 15. Alianza na klabu ya mazingira shuleni, mimi nikaona ni jambo zuri la kumtoa kwenye simu, kumbe ndo mlango umefunguka. Sa hivi nguo mpya hataki, anasema zilizopo zinatosha na ikichanika inashonwa. Pipa la taka la nyumbani analipekua, anatenganisha plastiki na mabaki ya chakula. Taa anazizima nyuma ya kila mtu. Mikutano ya tabianchi anaifuatilia kuliko mimi ninavyofuatilia habari, na akianza kueleza habari za gesi joto hadi wageni wananyamaza kumsikiliza. Najivunia, sifichi.

Ila kuna mambo yananisumbua. Anataka Ijumaa asiende darasani, akae na bango kama wale vijana wa nchi nyingine. Baba yake kakataa kata kata, anasema huo ni mchezo wa watoto, asome kwanza hayo mengine atayafanya akiwa mtu mzima, na tangu hapo wao wawili hawaongei vizuri. La pili ndo linaniumiza zaidi, usiku halali. Juzi kaniuliza mama nasoma ili iweje kama dunia yenyewe watu wazima wanaiacha iharibike, nikakosa jibu.

Sasa nauliza, nimwache aendelee hivi hivi, nimpunguze, au kuna namna ya kumwelekeza? Na kuna ushahidi kweli kwamba watoto wa umri huu wamewahi kubadilisha kitu au wanapigiwa makofi tu halafu basi? Nataka jibu ambalo hata baba yake nikimwonyesha atakaa alisome.

mwl_baiolojia:

Mama hongera kwa binti, na pole kwa hayo mengine. Mimi ni mwalimu, nasimamia klabu ya aina hiyo hiyo, kwaiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Nianze na la baba. Ushahidi upo tena mwingi. Mwaka 2013 huko Bali, Indonesia, mtu na mdogo wake, Melati na Isabel Wijsen, mmoja ana miaka 12 mwingine 10, walianza kampeni ya mifuko ya plastiki, na marufuku ya plastiki za kutumia mara moja kisiwani humo ikaja kuanza 2019. Hesabu hapo, miaka sita, yaani waliingia watoto wakatoka wasichana wakubwa. Marekani, jimbo la Montana, vijana 16 waliishtaki serikali ya jimbo mwaka 2020, wengine walikuwa wadogo kabisa, wakisema sheria zake za nishati zinavunja haki yao ya mazingira safi iliyoandikwa kwenye katiba ya jimbo. Wakashinda Agosti 2023, na mahakama ya juu ya jimbo ikaithibitisha hukumu hiyo Desemba 2024. Huo si mchezo. Na Greta Thunberg, yule msichana wa Sweden aliyegomea shule kudai hatua za tabianchi, ambaye nadhani ndo binti yako anamfuata, alikuwa na hiyo hiyo miaka 15 alipokaa peke yake na bango nje ya bunge la nchi yake Agosti 2018, na mwaka mmoja baadaye, Septemba 2019, mamilioni ya watu waliandamana dunia nzima.

Lakini angalia kitu kimoja hapo. Wale wa Bali hawakusema tunaokoa dunia, walisema mifuko. Wale wa Montana walishika kifungu cha katiba. Kijana akibeba dunia nzima kichwani lazima akose usingizi, akishika jambo moja lenye mwanzo na mwisho anapata pa kuweka hiyo nguvu. Kwaiyo ushauri wangu mkubwa ni huo, msaidie achague jambo MOJA lililo ndani ya uwezo wake, linalopimika, na mtu mzima awe naye bega kwa bega.

Mfano wa kazi ambayo nimeiona ikifanya vizuri kuliko zote ni kupima taka za shule. Wanafunzi wanavaa glavu, wanamwaga taka za siku nzima kwenye turubai, wanatenganisha kwa aina, wanapima kila fungu kwenye mizani na kuandika. Wanarudia siku kadhaa maana siku moja inadanganya. Mara nyingi wao wenyewe wanashangaa, walikuja wakiwa na hasira na chupa za plastiki wakakuta kilicho kizito ni mabaki ya chakula. Hapo sasa unawafundisha kwamba chakula kikifukiwa dampo bila hewa kinaoza na kutoa methani, gesi inayopasha joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa kiasi kile kile ukipima kwa miaka 100. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema karibu asilimia 19 ya chakula kinachowafikia walaji duniani kinatupwa, na kubwa yake ni majumbani kwetu. Halafu wanauliza kwa nini chakula kinabaki. Kinapakuliwa kingi? Muda wa kula ni mfupi? Wanapeleka karatasi yenye tarakimu kwa uongozi na pendekezo moja tu, labda mtu apakuliwe kidogo na aruhusiwe kurudi kuongeza. Baada ya mwezi wanapima tena. Kinachobaki wanatengeneza mboji, na mboji nayo ni somo, ikinuka maana yake imelowa sana na hewa haipiti, ongeza majani makavu, geuza.

Mkuu wa shule akipewa bango anaweza kulipita. Akipewa kilo zilizopimwa na watoto wake mwenyewe inabidi aseme kitu.

Miti pia wanaipenda sana na mimi naipenda, ila siku ya kupanda wanakuja wote na picha zinapigwa, siku ya kumwagilia hamna mtu. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kina mama walipewa malipo kidogo kwa mche uliopona, si kwa shimo lililochimbwa, na hiyo ndo siri ambayo klabu nyingi hazijaishika. Panda michache, ya asili ya eneo husika, kila mche uwe na mwenyewe, mwakani mhesabu iliyo hai.

kichwa_kigumu:

Mwalimu nimekusoma na nakubali mengi, ila kuna jambo linanikera na nitalisema. Tunawatwika watoto mzigo ambao si wao. Mtoto anazima taa, anabana maji ya kuoga, anajinyima nguo, wakati makaa ya mawe, mafuta na gesi ndo chanzo kikubwa cha haya yote na wanaoamua kuhusu hivyo ni watu wazima wenye madaraka. Yeye hata kupiga kura hawezi. Halafu tukimsifia sana kwa kutenganisha taka tunakuwa tumemfundisha kwamba dunia ikiharibika ni kwa sababu yeye hakutenganisha vizuri. Ndo maana halali usiku!! Mimi ningemwambia baba yake aache kubishana naye, aende yeye kwenye mikutano ya wapiga kura aulize hayo maswali kwa niaba ya mtoto wake.

mche_17:

Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote humu. Mimi nina miaka 17 na niko kwenye klabu tangu kidato cha kwanza, naomba niseme kwa upande wetu.

Kaka hapo juu kasema kweli kwamba wenye madaraka ndo wanaamua, lakini kutopiga kura si kukosa sauti. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu na yazingatiwe kulingana na umri wake, na mwaka 2023 kamati ya mkataba huo ilitoa maelezo rasmi kuhusu haki za watoto na mazingira hasa mabadiliko ya tabianchi. Mwambie binti yako asome hicho kifungu, mimi kilinipa ujasiri kuliko video zote. Ukiandika barua kwa mamlaka ukakitaja wanakusoma tofauti.

Kuhusu Ijumaa, mama msimkatalie tu mkaishia hapo. Sisi tulikaa na walimu tukakubaliana, bango ni baada ya vipindi na mara moja moja tunapewa mkutano wa asubuhi tuongee na shule nzima, na hiyo mikutano imeleta watu wengi kwenye klabu kuliko kukaa getini. Ila kama kuna siku ya mgomo wa dunia nzima na ameshajiandaa, kazi zake kamaliza, na kuna mtu mzima anaenda naye na huko inaruhusiwa, mfikirie. Anataka kujua kama mnaona anachokisema ni kikubwa kiasi cha kubadilishiwa ratiba hata mara moja.

Na baba aje siku ya kupima taka. Sio kwa hotuba, aje ashike mizani. Wa kwangu alikuja akauliza maswali mengi sana na tangu siku hiyo tunaongea.

Kuhusu nguo, hapo binti yako yuko sawa kabisa, kutengeneza fulana moja ya pamba kunakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji. Sisi tunabadilishana nguo ukumbini, kila mtu analeta alizozichoka anachagua nyingine, na waliokuja kwa ajili ya nguo tu wengine wamebaki klabu. Asijinyime peke yake chumbani, inachosha, afanye na wenzake.

Lingine, wakubwa mkipenda kazi zetu msipost sura zetu na jina la shule bila kutuuliza. Mtandaoni kuna watu wazima wanatukana watoto bila aibu.

mama_wa_mabinti:

Marahaba mwanangu, umeniliza. Mwalimu asante sana, hiyo ya Montana nimemsomea baba yake, kanyamaza halafu kaniuliza hiyo katiba yao imeandikwa vipi, kwangu ni hatua kubwa. Na kichwa_kigumu nimekuelewa, sikuwa nimeona kwamba sifa nazo zinaweza kumwelemea.

Bado mawili. Usiku nifanye nini? Nikimwambia usijali mambo yatakuwa sawa anakasirika. Na uongozi wa shule ukikataa hiyo kazi ya kupima taka?

mshauri_nasaha:

Dada yangu, usimwambie usijali. Yeye amesoma, anajua kuna sababu ya kujali, ukisema hivyo anasikia kwamba uko upande wa wale wanaopuuza. Mwambie una haki ya kuogopa, hata mimi nikisoma haya naogopa, njoo tuongee. Hayuko peke yake pia, utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet Planetary Health 2021 uliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaathiri maisha yao ya kila siku. Wengi waliona serikali zimewaangusha. Kwaiyo hofu yake haina maana kwamba ana ugonjwa, ni mtu mwenye macho.

Cha kufanya, simu isilale naye chumbani, habari za majanga azisome mchana na si kabla ya kulala. Mjue pia anafuata kurasa gani, kuna zinazoeleza tatizo pamoja na kazi inayofanyika na kuna zinazotisha tu ili zipate watazamaji. Apewe na mambo mengine ya umri wake, michezo, marafiki, kucheka, na asione kwamba kupumzika ni usaliti, hili vijana wa harakati linawasumbua sana. Lakini ukiona hali chakula vizuri, anajitenga hata na wenzake wa klabu, alama zinashuka ghafla au anasema maneno ya kukata tamaa ya kuishi, usisubiri, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili haraka.

mwl_baiolojia:

Nakuunga mkono mshauri, hasa hapo kwenye kupumzika.

Mama, kuhusu uongozi. Wasianze kwa kuomba shule nzima, hapo ndo wanakataliwa. Waombe darasa moja au siku chache tu, barua fupi, nani anasimamia, glavu na sabuni zitatoka wapi, taka zitarudishwa wapi baada ya kupimwa, maana hofu ya uongozi mara nyingi ni afya ya watoto na uchafu kubaki uwanjani. Mwalimu wa hesabu au sayansi akikubali iwe kazi ya somo lake inakuwa rahisi zaidi. Na wakikataa kabisa waanzie nyumbani, familia kama kumi za wanaklabu zipime mabaki ya chakula kwa wiki mbili kwa fomu inayofanana, halafu wapeleke hayo matokeo shuleni waombe upya. Baba yake unaweza kumpa kazi ya kuichora hiyo fomu pamoja naye, safu zake ziwe tarehe, aina ya taka, uzito na sababu ya kutupwa. Hiyo ya sababu asiiache, ndo ambayo watu huwa wanaisahau na bila hiyo hamtajua mbadilishe nini.

mama_wa_mabinti:

Nimechukua. Mizani ya jikoni tunayo, nitawauliza wote wawili leo jioni nani anaandika na nani anapima.