Hiace yenye kitanda, wazazi na watoto, kuvua Ushongo Desemba: tupange vipi?

Hiace_Nyeupe: Wadau, salaam. Likizo ya Desemba tunatoka Dar kwenda Ushongo, Pangani, kulala siku tatu. Tupo sita: baba, mama, shangazi, mimi na watoto wawili. Hiace ina mstari mmoja wa viti, nyuma kuna kitanda cha mbao na jiko la mtungi wa kilo 6. Si 4WD. Tutavua tukiwa ufukweni, hatukodi mashua. Naomba kujua: twende siku zipi, gari litapita mchangani, na changu watafika vipi Dar bila kuharibika? Mama ameshaahidi majirani.

Mshipi_Mrefu: Dada, kabla ya kuangalia tarehe za likizo angalia mwezi. Hesabu siku tangu mwezi uandame: mwezi 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvu, yaani maji hujaa na kupwa sana, mwezi 8 au 9, na 22 au 23, ni maji mafu, yaani hujaa na kupwa kidogo. Kwenye mwambao wetu bamvu hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Maji ya bamvu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na ufuko ule ni tambarare, kwa hiyo saa nne asubuhi utarusha ndoana kwenye mchanga mtupu. Maji mafu nayo yanajaa mchana vizuri, ila mkondo ni mdogo na samaki hawasogei sana karibu.

Fikeni mwezi 16. Kesho yake maji yatajaa kama saa kumi na moja jioni, nanyi mnatupa kuanzia saa nane, maji yakiwa yanapanda. Hapo ndipo changu na tasi wanaingia kwenye nyasi za bahari kutafuta chakula. Asubuhi maji yakipwa watoto wanacheza, wazee wanapumzika, hakuna anayepoteza kitu.

Vifaa visiwe vingi. Nailoni ya milimita 0.40, ndoana namba 6 hadi 8, chubwi (risasi ya kuzamisha uzi) ya gramu 50. Chubwi ikae mwisho kabisa, ndoana mbili zitoke juu yake kwa vipande vya sentimita 20, la sivyo kaa watamaliza chambo kabla samaki hajakiona. Chambo ni ngisi aliyekatwa vipande vyembamba vya upana wa kidole. Akiwa ametoka kwenye friza mnyunyizie chumvi usiku kucha, nyama inakaza na haitoki kwenye ndoana unaporusha. Tasi hali ngisi sana, mpe donge la mkate. Ukitaka mzia weka waya mbele ya ndoana, meno yake yanakata nailoni.

Watoto wavae viatu na wasizungushe uzi mkononi. Kolekole wa kilo mbili akivuta, nailoni inaingia kwenye nyama ya kidole.

Na huyu mjue kabla hamjafika: ngogo, mwenye ndevu na mistari miwili myeupe ubavuni. Ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande. Kateni uzi, msimshike. Akichoma mtu, tumbukizeni mguu au mkono kwenye maji ya moto ambayo mzima mmoja wenu anaweza kuyavumilia, hata saa moja na nusu, kisha zahanati. Tasi naye ana miiba ya kuchoma. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, arudishwe baharini. Sumu yake haiishi hata umchemshe siku nzima.

Fundi_wa_Chini: Gari likae kwenye ardhi ngumu, lisiingie ufukweni. Kama lazima mpite mchanga kidogo, punguzeni upepo hadi 25 PSI, chini ya 18 tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Gia ya pili, mwendo mmoja, msikate kona kali, mkisimama acheni gari lijizuie lenyewe. Matairi yakianza kuzunguka bure ondoa mguu palepale. Ukikanyaga zaidi unachimba mpaka difu, gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, inakaa mchangani. Beba mbao mbili za futi nne na ubao wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki. Kabla ya lami jazeni upepo, tairi laini kwenye mwendo wa 80 linachemka na kupasuka.

Egesheni juu ya mstari wa mwani mkavu, pua ikielekea barabarani, na mbali na minazi. Nazi moja inavunja kioo. Mtungi wa gesi usilale ndani na watu: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajikusanya chini ya kitanda. Usiku utolewe nje, umesimama.

Diko_la_Pangani: Kwa samaki: barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki. Samaki akitoka tu, toa matamvua na matumbo, osha kwa maji ya bahari, jaza barafu tumboni. Tundu la chini la kasha libaki wazi. Samaki akilala kwenye maji yaliyoyeyuka analegea. Kasha likae kivulini, na vinywaji viwe na kasha lao, maana watoto watafungua lile la samaki mara hamsini.

Vibua, jodari na nguru ndio wa kuogopa. Wakikaa juani saa chache bakteria wanatengeneza sumu isiyoondolewa kwa kupika: uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinauma. Kama barafu haitoshi, mpasue mgongoni, chumvi kilo moja kwa kilo tatu za samaki, mle ng'onda, samaki mkavu wa chumvi.

Kingine: kisiwa cha Maziwe msivue, ni hifadhi tangu 1975. Kaskazini mwa mto Pangani mpaka Tanga ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ulizeni utaratibu kabla. Ushongo nako anzeni kwa serikali ya kijiji na BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufuko.

Hiace_Nyeupe: Asanteni sana. Nauliza moja tu, barafu tununue Dar au njiani?

Diko_la_Pangani: Toka nayo Dar, gandisha chupa za lita moja na nusu ishirini. Zikiyeyuka mnakunywa. Barafu ya kupondwa nunueni Tanga au Pangani siku mnayovua.