Mjadala: Mwanachuo mwenye ulemavu alete barua ya daktari kwanza, ndipo asaidiwe?

Mtaaluma, Mtwara: Barua lazima. Ukimpa mtu nyongeza ya robo ya muda kwenye mtihani wa saa 3, hizo ni dakika 45. Matokeo yakihojiwa, mkufunzi ataonyesha nini?

Mkufunzi, Lindi: Kwa mtihani nakuelewa, mwalimu. Lakini maandishi makubwa yanahitaji barua ya nini? Tunachukua karatasi ya A4 yenye herufi za ukubwa wa 12, tunaikuza kwa fotokopi hadi A3, basi. Herufi zinafika 17 tu, grafu inatoka na ukungu, karatasi haienei kwenye dawati. Faili unalo mwenyewe: weka herufi 18 au 24, chapa kwenye A4 ileile. Mwenye ualbino akae mbele, ila mbali na dirisha, maana jua la huku linamuumiza macho. Aruhusiwe pia kuusogelea ubao au kuupiga picha.

Na hizi noti za kupiga picha na kurusha WhatsApp! Kwa asiyeona mara nyingi ni ukurasa mtupu. NVDA, programu ya kompyuta inayomsomea asiyeona kwa sauti, ni ya bure na inasoma maandishi, lakini picha ya ukurasa haina maandishi ya kusomwa. Tuma faili la Word, na kila mchoro uandikie sentensi mbili za maelezo.

Mtaaluma, Mtwara: Bila barua chuo kitapangaje bajeti ya mkalimani?

Mkalimani wa lugha ya alama, Masasi: Bajeti ipange wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Mmoja akitafsiri saa 2 mfululizo huchoka akaanza kuruka maneno, na anayekosa somo ni mwanachuo. Noti zitufikie siku 2 kabla, tukubaliane alama za istilahi. Halafu wakufunzi, msiongee huku mnaandika ubaoni: kiziwi hawezi kutazama mikono yetu na ubao kwa pamoja. Andika, geuka, ndipo ueleze.

Mkufunzi, Lindi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inalinda haki yao ya kusoma. Anayetoka Liwale asikose noti wiki nzima akisubiri kliniki ya macho. Ajaze fomu ya chuo wiki ya kwanza, huduma za darasani zianze, barua ifuate kabla ya mitihani. Na ulemavu wa kudumu barua moja itoshe hadi ahitimu. Kuidai kila muhula ni kumtesa.

Mtaaluma, Mtwara: Barua moja hadi kuhitimu, nakubali. Fomu pia. Muda wa ziada bila barua, bado nakataa.