Ukoo wa Kowalski: tuanzie wapi kutafuta asili ya jina la mume wangu, na binti yetu aandikishwe vipi?

Mama Amani (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa, na kwa wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Gelsenkirchen, magharibi mwa Ujerumani, na mume wangu ni Mjerumani ambaye jina la ukoo wake ni Kowalski. Tunatarajia mtoto wa kike, na tangu tulipoanza kuzungumzia jina atakaloandikishwa nimebaini kwamba nyumbani kwa wakwe zangu hakuna anayejua ukoo huo ulitokea wapi. Wanajua kuwa jina ni la Kipolandi, kwamba babu yake baba mkwe alichimba makaa ya mawe hapahapa mjini kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba ndugu yake mmoja alikwenda Chicago. Zaidi ya hapo hawana la kusema. Kwetu mtoto hufundishwa kuwataja babu zake kabla hajajua kusoma, na sitaki mwanangu akue akiwa na upande mmoja tu wa kuusimulia.

Nimetazama ramani za mtandaoni zinazoonyesha majina ya ukoo yalivyotapakaa duniani. Kowalski wako Polandi nzima, wako Ujerumani, Marekani, Ufaransa, Brazil, Kanada na Australia, nami nimebaki sijui nishike lipi. Je, ramani hizo zinaweza kunifikisha kwenye kijiji? Shemeji yangu anasema kila jina linaloishia na -ski ni la makabaila, ni kweli? Mama yangu mdogo anaishi Tengeru, karibu na Arusha, na ananiuliza kama wale Wapolandi waliowekwa pale wakati wa vita wanaweza kuwa jamaa wa mume wangu. Na mwisho, mtoto aandikwe Kowalski kama baba yake, au Kowalska kama wanavyofanya Wapolandi wenyewe? Naomba ushauri wenu.

Msomaji wa Poznań

Hongera sana, dada, na Mungu akujalie ujifungue salama. Niko Poland kimasomo, na hili jina nakutana nalo kila siku. Kowal ni mhunzi. Kowalski ni jina la pili kwa wingi nchini humu baada ya Nowak, na ukijumlisha wanaume na wanawake wanaolibeba wanazidi 130,000. Kila eneo la vijijini lilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lilizuka mara nyingi katika sehemu zilizo mbalimbali, bila watu hao kuwa na damu moja. Wapo walioitwa hivyo kwa kazi ya baba, na wapo walioitwa hivyo kwa sababu walitoka katika kijiji kiitwacho Kowale, na vijiji vya jina hilo ni kadhaa. Ndiyo maana ramani yako imejaa rangi kila upande. Ramani ya namna hiyo ina faida kwa jina adimu, lile ambalo miaka mia iliyopita lilikuwa katika parokia mbili au tatu tu. Kwa Kowalski ni sawa na kumtafuta Juma mjini bila kutaja mtaa.

Kuhusu ukabaila, shemeji yako ameshika nusu ya habari. Zamani -ski ilimtambulisha mwenye milki kwa jina la milki yake, na makabaila ndio walioitumia zaidi. Baadaye watu wa mijini na wakulima nao waliichukua kwa sababu ilionekana kuwa na heshima, na jina lililoundwa kutokana na kazi ya mikono, kama hili, mara nyingi ni la kundi hilo la pili. Koo za kikabaila zilitambulika kwa nembo, na hata nembo moja ilitumiwa na koo nyingi zisizohusiana. Kwa hiyo jina peke yake halithibitishi chochote. Jihadhari na wauzaji wa mtandaoni wanaokutumia nembo ya "ukoo wa Kowalski" iliyochapwa kwenye karatasi nzuri, kwa maana ukoo mmoja wa Kowalski haupo.

Mzee wa Dortmund

Binti yangu, nimekaa muda mrefu katika bonde la Ruhr, yaani eneo hili la migodi ambamo mji wenu upo, na ningependa uanze na jambo ambalo wengi hulipita. Polandi iligawanywa kwa awamu tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, ikaishia mikononi mwa Urusi, Austria na Prusia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, na haikurudi kuwa dola hadi 1918. Wachimba migodi waliokuja huku kuanzia miaka ya 1870 walitoka karibu wote katika majimbo ya mashariki ya Prusia yenyewe, yaani Poznań, Silesia ya Juu, Prusia Magharibi na Prusia Mashariki. Walikuwa raia wa Prusia waliopanda treni kutoka upande mmoja wa nchi kwenda mwingine. Hawakuvuka mpaka wala hawakupanda meli. Usipoteze muda kutafuta hati za uhamiaji, kwa sababu hazikuwepo.

Lililopo, na ambalo ni zuri kuliko hati hizo, ni daftari la ndoa. Prusia ilianzisha usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Oktoba 1874, na hati ya ndoa ya wakati ule hutaja mahali bwana harusi alikozaliwa, majina ya wazazi wake, mahali walipoishi na dhehebu lake. Katika jimbo lenu daftari za ndoa huhamishiwa hifadhi ya nyaraka ya mji baada ya miaka 80, za vifo baada ya miaka 30 na za vizazi baada ya miaka 110. Kama babu huyo alioa Gelsenkirchen kabla ya 1914, hati yake haiko tena kwa msajili, iko hifadhi ya mji, na mtu yeyote anaweza kuomba nakala.

Naomba ulitazame dhehebu kwa makini, maana katika bonde hili linagawa watu vizuri kuliko jina linavyofanya. Wakatoliki wengi walitoka Poznań na Prusia Magharibi wakaenda Bochum, Herne na Recklinghausen. Waliotoka Silesia ya Juu, upande wa Rybnik na Ratibor, walijaa Bottrop. Lakini mji wenu wa Gelsenkirchen ulipokea Wamasuri wengi kutoka kusini mwa Prusia Mashariki, ambao walizungumza lahaja ya Kipolandi lakini walikuwa Walutheri na wengi wao walimtii mfalme wa Prusia kwa moyo wote. Timu ya soka ya mji wenu, Schalke 04, iliyotwaa ubingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1934 iliongozwa na Ernst Kuzorra na Fritz Szepan, wote wawili wana wa wazazi kutoka huko. Watu hao wangechukia kuitwa Wapolandi, ingawa majina yao yaliwaambia wengine hivyo, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya ule ukimya nyumbani kwa wakwe zako. Miaka ya 1930 familia nyingi zilibadilisha majina ili yasikike ya Kijerumani. Wakwe zako hawakubadilisha, na hilo peke yake ni jambo la kumweleza mtoto.

Mama Amani

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Jana jioni mama mkwe ametoa kitabu cha familia kilichokuwa kabatini, kile ambacho msajili huwapa maharusi. Kwenye ukurasa wa babu huyo pameandikwa kwa wino uliofifia "ev.", yaani muumini wa Kanisa la Kiinjili (Mprotestanti), na kwenye nafasi ya mahali alikozaliwa pana neno lisilosomeka likifuatiwa na "Kreis Ortelsburg", yaani wilaya ya Ortelsburg. Mume wangu alikaa nacho mezani akakifungua na kukifunga, na mwishowe akauliza kwa nini hakuwahi kuonyeshwa.

Mkazi wa Meru

Dada, nijibu lile la mama yako mdogo, kwa sababu makaburi ya Wapolandi ya Tengeru nayafahamu vizuri. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Wapolandi waliofika huku walikuwa na safari tofauti kabisa na ya babu wa mume wako. Walitoka mashariki mwa Polandi ya kabla ya vita, sehemu ambazo leo ziko Belarus, Ukraine na Lithuania. Wasovieti waliwachukua kwa nguvu mwaka 1940 na 1941 na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan, na baada ya makubaliano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni na Moscow ndipo wakaruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 walivushwa bahari ya Kaspi hadi Iran, na kutoka huko wanawake, watoto na wazee waliletwa Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, ikiwa na watu karibu 5,000; nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala na Kondoa kwetu, na Masindi na Koja kule Uganda.

Kwa hiyo kama babu alitoka Ortelsburg na alikuwa ameshafika Ruhr kabla ya 1914, uwezekano wa kuwa na damu moja na watu wa Tengeru ni mdogo mno, hata ukikuta jina linalofanana. Lakini mlete mume wako siku mkija nyumbani. Kwenye makaburi hayo ataona jinsi majina yanavyogeuka kufuata jinsia, -ski kwa mwanamume na -ska kwa mwanamke, jambo ambalo Gelsenkirchen halioni. Tena Tengeru inaeleza sehemu ya ramani yako: kambi zilipofungwa wengi hawakurudi Polandi iliyokuwa chini ya wakomunisti, bali walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Mwezi Februari 1950 meli ya General W. C. Langfitt iliyotoka Mombasa ilishusha zaidi ya Wapolandi 1,100 katika bandari ya Fremantle, Australia Magharibi.

Binti wa Lamu, Chicago

Nami niongeze kuhusu yule ndugu aliyekuja huku. Mara nyingi aliyekwenda mbali zaidi ndiye aliyeacha karatasi nyingi zaidi, kwa hiyo msimwache. Kuanzia mwaka 1906 maombi ya uraia wa Marekani yalifuata utaratibu mmoja wa nchi nzima, na tamko la nia ya kuwa raia kwa kawaida hutaja mahali mwombaji alikozaliwa na meli aliyokuja nayo. Mkisoma orodha za abiria msishangae kumkuta ameandikwa kuwa ametoka Ujerumani. Polandi haikuwa dola, na ni safu ya taifa lake, iliyoanza kujazwa mwaka 1899, ndiyo inayoweza kuonyesha kama alihesabiwa Mpolandi au Mjerumani. Kwa Mmasuri inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili.

Mtasikia pia kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, waliwabadilishia watu majina. Hilo limerudiwa sana lakini si sahihi, kwani maofisa walifuata orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli. Watu walibadilisha majina wenyewe baadaye, kazini, shuleni au mahakamani. Seneta Edmund Muskie wa Maine, aliyegombea umakamu wa rais mwaka 1968, alikuwa mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa kwa jina la Marciszewski. Ufaransa yalitokea mambo ya namna hiyo: Raymond Kopa, mchezaji bora wa Ulaya wa mwaka 1958, alizaliwa Kopaszewski katika mji wa migodi wa Nœux-les-Mines. Basi mkimtafuta ndugu huyo, tafuteni pia Kowalsky, Kovalski, Koval na hata Smith.

Msomaji wa Poznań

Kwa kuwa Ufaransa imetajwa, mzee atakubaliana nami kwamba baada ya Vita vya Kwanza makumi ya maelfu ya Wapolandi wa Ruhr walihamia migodi ya kaskazini mwa Ufaransa. Hao zaidi walikuwa Wakatoliki waliojitambua kuwa Wapolandi, kwa hiyo kwa ukoo wenu wa Kilutheri nisingeanzia huko.

Kuhusu mtoto, hapa Poland angekuwa Kowalska bila mjadala, na familia kwa pamoja wangeitwa Kowalscy. Ujerumani imekuwa ikimwandika kila mtu kwa jina la baba lilivyo. Sheria mpya ya majina iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2025 imefungua mlango wa jina kufuata jinsia kwa familia ambazo asili ya lugha yao ina desturi hiyo, lakini kuna masharti, na familia iliyoishi kwa Kijerumani vizazi vinne itaulizwa maswali. Mkipendelea Kowalska, mwandikieni msajili mapema na mwombe jibu kwa maandishi. Maoni yangu binafsi ni kwamba mumwache awe Kowalski. Hilo ndilo jina lililoshuka mgodini na babu yake, na atakapokuwa mkubwa anaweza kuamua mwenyewe.

Mama Amani

Tumekubaliana kuwa atakuwa Kowalski. Mzee, tumeomba nakala ya hati ya ndoa hifadhi ya mji. Ikija na jina la kijiji linalosomeka, hatua inayofuata ni ipi?

Mzee wa Dortmund

Ortelsburg leo ni Szczytno, nchini Polandi, kwa sababu kusini mwa Prusia Mashariki kulichukuliwa na Polandi mwaka 1945. Kijiji kinaweza kuwa na majina matatu: la Kijerumani la zamani, lile ambalo Wanazi walilibandika mwaka 1938 walipofuta majina yenye asili ya Kipolandi, na la Kipolandi la sasa. Yaandikeni yote matatu kabla hamjaomba chochote, la sivyo mtajibiwa kwamba mahali hapo hapapo. Vitabu vya ubatizo vya sharika za Kilutheri za huko vilivyonusurika vita vimegawanyika: vingine viko hifadhi kuu ya Kanisa la Kiinjili mjini Berlin, vingine hifadhi ya serikali ya Polandi mjini Olsztyn, ambayo nyaraka zake nyingi zinasomeka bure mtandaoni. Daftari za kiserikali za baada ya 1874 zitafuteni Olsztyn na Berlin: zilizopita ile miaka niliyoitaja ziko hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Berlin (Landesarchiv), na za karibuni zaidi ziko kwa msajili, katika ofisi ya Standesamt I. Pote mlikotaja jina la babu, tajeni na la mkewe, pamoja na la mama yake babu kama hati ya ndoa itakuwa nalo. Akina Kowalski watakuwa wengi hata ndani ya usharika mmoja, na majina ya akina mama ndiyo yatakayowaonyesha yupi ni wenu.