Kutetemeka kwa Kiingereza: shake, tremble, shiver, quiver, waver... mnachaguaje?

Mtafsiri_K
Habari zenu wadau, natafsiri hadithi fupi kwenda Kiingereza na karibu kila ukurasa kuna mtu anatetemeka, mara mtoto kalowa mvua, mara bibi kapokea barua ya msiba, mara shahidi mahakamani anaanza kugeuza maneno yake. Dikshonari inanimwagia yote kama kitu kimoja na najua sio kimoja. Mnatofautishaje?

KalamuNyeusi
Mkuu usianze na ukubwa wa mtetemeko, jiulize umesababishwa na nini na kinachotetemeka hasa ni kipi. Mtoto wako ni shiver bila ubishi, hiyo ni ya baridi au homa inapopanda, misuli inacheza ili mwili upate joto. Shudder ni mshtuko mmoja mkali halafu basi, mtu kaona maiti au kakumbuka jambo la kutisha, kwa hiyo ukiandika mtu alishudder saa nzima msomaji atashangaa. Quiver ni kutetemeka kudogo kwa harakaharaka, kama mdomo wa mtu anayezuia kilio. Bibi basi, mikono tremble, mdomo quiver. Shake inabeba karibu zote, na ndiyo unayoweza kumfanyia mtu au kitu, unashake chupa, unashake mti, lakini huwezi kutremble chupa. Tena shaken ni mtu aliyetikiswa na habari hata kama mwili wake umetulia tuli, hiyo naipenda sana kwa bibi huyo siku ya pili yake.

Msomaji wa usiku
Shahidi mpe waver. Ina undugu na wave, wimbi, na kwenye Yakobo 1:6 Biblia ya King James ya 1611 inasema mwenye shaka, yule anayewaver, ni kama wimbi la bahari linalosukumwa na upepo, sasa hapo picha yote unaiona. Inafaa kwa msimamo, imani, mwali wa mshumaa. Ila akikwama katikati ya sentensi maneno hayatoki, hiyo ni falter. Na chunga spelingi, waiver ina matamshi yaleyale ila ni mambo ya kusamehewa ada au kuachia haki yako.

dada_fasihi
Msisahau tremor jamani, hii ni nomino, iko hospitali na kwenye matetemeko ya ardhi. Daktari James Parkinson mwaka 1817 aliuita ule ugonjwa unaobeba jina lake leo shaking palsy, yaani kupooza kwa kutetemeka, leo daktari akiona mkono unacheza wenyewe anaandika tremor. Kwa hiyo ukimpa bibi tremor msomaji atadhani ni mgonjwa, wakati wewe unataka huzuni. Quake mimi ningeiacha, kwa mtu inasikika ya kizamani, japo Waquaker, lile dhehebu la Kikristo, walibandikwa jina hilo kwa kejeli karne ya 17 sababu ya kutetemeka mbele za Mungu.

Mtafsiri_K
Asanteni sana, nimepata mwanga. Bado moja, bibi anaisoma barua kwa sauti, anaanza imara halafu sauti inatetemeka, niweke ipi?

KalamuNyeusi
Ikipanda na kushuka, waver. Machozi yakiwa karibu, quiver. Ikipasuka kabisa, crack. Kwa msiba mimi ningeanza na waver mstari wa kwanza, crack anapofika kwenye jina la marehemu.